Kuoanisha skima na ontolojia kwa mashine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano mingi humu ni ya kubuni, na inatokana na rejista mbili zinazohitaji kusomana. Ya kwanza ni kanzidata ya madiko, inayorekodi samaki wanaoshushwa kila siku Unguja na Pemba. Ya pili ni rejista ya leseni za wavuvi na vyombo. Mwenye kazi ya afya, skuli au karafuu atabadilisha majina ya safuwima tu. Matatizo atayakuta ni yale yale.

Kuoanisha skima ni kufanya nini hasa?

Ni kutafuta safuwima ipi ya kanzidata hii inabeba maana ya safuwima ipi ya kanzidata ile. Matokeo yake ni orodha ya jozi, na kila jozi ina alama kati ya 0 na 1 na uhusiano wake: sawa, pana zaidi au finyu zaidi. Kuhamisha data na kuandika kanuni za kuibadilisha ni kazi inayofuata, na ina makosa yake. Wengi huzichanganya mbili hizi, kisha huilaumu hatua ya kwanza kwa makosa ya ya pili.

Ontolojia ina tafauti gani na skima?

Skima inasema data imepangwaje: majedwali, safuwima, aina za data, funguo. Ontolojia inasema vitu vyenyewe vinahusianaje: tasi ni samaki, dema ni zana ya uvuvi, kila ngalawa ina mmiliki. Ontolojia huandikwa mara nyingi kwa OWL, lugha iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2004, na toleo lake la pili likatoka 2009. Kwa kuwa ina mantiki ndani yake, mashine inaweza kugundua kwamba jozi fulani inaleta mgongano. Skima ya kawaida haikupi msaada huo.

Kwa nini mbinu moja haitoshi?

Kwa sababu kila mbinu ina upande isiouona, na upande huo unajulikana mapema. Chukua *shehia* na *sheha*. Kwa umbali wa Levenshtein, kipimo cha mwaka 1965 kinachohesabu herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha, maneno haya yanatafautiana kwa herufi moja. Neno refu lina herufi sita, kwa hiyo ufanano ni 1 − 1/6, yaani 0.83. Kwa Jaro-Winkler, kipimo kinachozipa uzito zaidi herufi za mwanzo, unapanda hadi 0.97. Lakini moja ni eneo na jengine ni mtu.

Sasa chukua *diko* upande mmoja na *landing_site* upande wa pili. Levenshtein inatoa 0.17, na kitu ni kile kile.

Ukiongeza mbinu ya pili inayotazama herufi hizo hizo, makosa hayatapungua. Itakosea pale pale ilipokosea ya kwanza. Linalotakiwa ni kuchanganya mbinu zinazokosea mahali tafauti: moja itazame jina, moja itazame data iliyomo, moja itazame majirani wa safuwima. Uainishaji unaotumika sana wa mbinu hizi ni wa Rahm na Bernstein wa mwaka 2001. Mwaka uliofuata mfumo wa COMA, kutoka Chuo Kikuu cha Leipzig, uliufanya uchanganyaji wenyewe kuwa kiini cha kazi.

Tutayarishe nini kabla ya kulinganisha?

Majina. Hatua hii haina fahari, lakini ukiiruka hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Toa orodha ya safuwima zote. Katika PostgreSQL, programu ya kanzidata, zimo ndani ya `information_schema.columns`. Vunja majina penye mstari wa chini, nukta, au herufi kubwa katikati, kisha geuza herufi zote ziwe ndogo (`JinaChombo` liwe *jina chombo*). Ondoa viunganishi *ya, wa, la, cha, za, kwa*. Baada ya hapo fungua vifupisho kwa faili ya mkono: *wly* ni wilaya, *tar* ni tarehe, *nam* ni namba, *jns* ni jinsia. Faili hii huundwa na watu wanaojaza fomu. Mtaalamu wa kompyuta akiwa peke yake hatajua kwamba *vy* katika rejista moja ni vyombo na katika nyengine ni vyavu.

Ongeza faili ya pili ya visawe vya Kiswahili na Kiingereza, maana rejista zetu nyingi zimechanganya lugha mbili ndani ya jedwali moja. Maingizo 150 hadi 200 ya eneo lako la kazi yatakufaa kuliko kamusi kubwa ya jumla.

Je, tukate viambishi vya Kiswahili?

Ndiyo, lakini si kwa upofu. Tazama tatizo lenyewe: *mvuvi* na wingi wake *wavuvi* wana ufanano wa 0.67 kwa Levenshtein, ilhali *mvuvi* na *uvuvi* wana 0.80. Kwa vipande vya herufi tatu tatu, kwa kipimo cha Jaccard (vipande vya pamoja kugawa kwa vyote), ni 0.40 dhidi ya 0.50. Yaani vipimo vyote viwili vinasema mtu yuko karibu na kazi yake kuliko wenziwe. Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno, na vipimo vingi vilitengenezwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni. Jaro-Winkler ndiyo mfano ulio wazi kabisa: inaongeza alama kwa herufi hadi nne za mwanzo zinazofanana. Kwa majina ya watu inafaa sana (Mohamed na Mohammed), lakini kwa nomino za Kiswahili zawadi hiyo inakwenda pasipostahiki.

Tumia jedwali la umoja na wingi (chombo/vyombo, mtego/mitego, dema/madema) badala ya kanuni ya kukata. Kanuni ya kukata *ki-* itageuza *kilo* kuwa *lo*. Ya kukata *-ni* itageuza Mkoani, wilaya ya Pemba, kuwa *mkoa*, nawe utaoanisha wilaya moja na ngazi nzima ya utawala.

Data iliyomo ndani ya safuwima inasaidia kiasi gani?

Kuliko kitu chengine chochote, pale ilipo safi. Chukua thamani tafauti za kila safuwima, sampuli ya 1,000 hivi ikiwa jedwali ni kubwa, na upime fungu linaloshirikiwa. Jaccard ni idadi ya thamani za pamoja ikigawanywa kwa jumla ya thamani zote tafauti za pande mbili. Madiko 45 yakiwa pande zote, na jumla ya majina tafauti ni 50, ufanano ni 0.9, hata kama safuwima moja inaitwa *diko* na nyengine *landing_site*. Rejista moja ikiwa ndogo sana kuliko nyengine, pima kumezwa badala yake: thamani za ile ndogo ni ngapi kati yake zimo katika ile kubwa.

Mitego yake tunaitaja mmoja mmoja, kwa kuwa ndiyo inayorudi kila mara.

Safuwima za ndiyo na hapana. *Ana_leseni* na *ana_bima* zina thamani mbili zile zile, kwa hiyo Jaccard ni 1.0 kamili. Weka sharti kwamba safuwima yenye thamani tafauti chini ya 10 haipimwi kwa njia hii.

Namba za mfululizo. Kila jedwali lina safuwima inayohesabu 1, 2, 3 na kuendelea, na zote zinafanana. Ziondoe mapema.

Majina ya wilaya. Zanzibar ina mikoa 5 na wilaya 11. *Kusini* ni wilaya ya Unguja. Ni sehemu pia ya jina la Mkoa wa Kusini Unguja na la Mkoa wa Kusini Pemba. Rejista ya zamani itasema *Magharibi* tu, mpya itasema Magharibi A na Magharibi B. *Chake Chake* huandikwa pia *Chakechake* na *Chake-Chake*. Safisha maandishi haya kwanza, la sivyo safuwima mbili zilizo sawa zitapata 0.4, na mkoa na wilaya zitapata alama zisizostahiki.

Saa. Karani aliyeandika *2:00* kwa maana ya saa mbili asubuhi anasema kitu kile kile na mfumo ulioandika 08:00. Ukiona safuwima mbili za muda zenye umbo moja la mgawanyo lakini zimepishana kwa saa sita, usizitupe. Ni jozi sahihi inayohitaji kanuni ya kubadilisha.

Vipimo. Kilo na gramu zinapishana kwa 1,000, na mashine inaweza kuliona hilo kwa kugawa wastani mmoja kwa mwengine. Pishi haina njia hiyo ya mkato. Ni kipimo cha ujazo, vibaba vinne, na pishi ya karafuu mbichi haina uzito wa pishi ya karafuu kavu. Safuwima ya pishi na ya kilo zioanishwe kama zinazohusiana, si kama zilizo sawa.

Sufuri za mwanzo. Faili likipita katika jedwali la hesabu la ofisini, namba 024… ya simu hugeuka 24… na ulinganishaji unakufa kimya kimya. Soma safuwima za namba za simu na vitambulisho kama maandishi.

Muundo unaingiaje?

Safuwima huulizwa majirani zake. *Jina* lililo kwenye jedwali lenye *urefu, injini, bandari* ni jina la chombo. Lililo pamoja na *tarehe_kuzaliwa* na *jinsia* ni la mtu. Mbinu maarufu ya kuenezesha ufanano, ya Melnik, Garcia-Molina na Rahm (2002), huzigeuza skima mbili kuwa grafu, kisha jozi zenye alama nzuri huzigawia alama jozi za jirani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mabadiliko yawe madogo sana. Inahitaji mwanzo mzuri: alama za majina zikiwa mbovu, itaeneza ubovu.

Alama zinachanganywaje?

Hapa ndipo miradi mingi inapoharibika. Tuseme mbinu tatu zimetoa alama hizi: jozi *diko – landing_site* ina 0.17 kwa jina, 0.90 kwa data, 0.70 kwa muundo. Jozi *shehia – sheha* ina 0.83, 0 na 0.20. Kizingiti cha kuikubali jozi ni 0.6.

Ukichukua alama kubwa kuliko zote, ya kwanza inapata 0.90 na ya pili 0.83. Zote zinapita, na moja ni kosa. Ukichukua ndogo kuliko zote, 0.17 na 0, zote zinaanguka. Ukitumia wastani wenye uzani, jina 0.3, data 0.5, muundo 0.2, ya kwanza inapata 0.051 + 0.45 + 0.14 = 0.641, ya pili 0.249 + 0 + 0.04 = 0.289. Hapa jozi sahihi imepita na ya uongo imebaki nje. Ndiyo maana wastani wenye uzani ni pahala pazuri pa kuanzia. Alama kubwa kuliko zote ina nafasi yake unapochanganya vipimo vya aina moja, kwa mfano Levenshtein na kamusi ya visawe: *samaki* na *fish* hazifanani kwa herufi, lakini kamusi ikisema 1, basi ni 1.

Aina ya data (maandishi, namba, tarehe) usiipe uzani. Ifanye mlango: tarehe isilinganishwe na uzito kabisa. Ikiingizwa kwenye wastani, kila jozi ya maandishi kwa maandishi itazawadiwa bure.

Safuwima ikiwa tupu, alama ya data si sufuri. Haipo. Gawanya uzani wake kwa mbinu zilizobaki: 0.3 na 0.2 ziwe 0.6 na 0.4. Programu inayoandika sufuri hapo inaadhibu rejista mpya ambayo haijajazwa, na rejista mpya ndizo zinazooanishwa mara nyingi.

Tazama pia kwamba 0.7 ya mbinu moja si 0.7 ya nyengine. Maneno mafupi yasiyohusiana yanaweza kupata 0.25 kwa Levenshtein, ilhali ufanano wa vekta za maana (maneno yaliyogeuzwa namba kwa kufuata maana yake) huweza kuanzia juu zaidi hata kwa maneno ya mbali. Chora mgawanyo wa alama za kila mbinu kabla ya kuzijumlisha, na uzivute kwenye kipimo kimoja.

Uzani unatoka wapi?

Anza kwa kukisia kama hapo juu. Ukishakuwa na jozi 100 hivi zilizothibitishwa na mtu, pamoja na jozi za uongo zinazokaribia ukweli, fanya rigresheni ya lojistiki: alama za mbinu ni viingizo, jibu ni ndiyo au hapana. Jozi za uongo zilizochaguliwa ovyo hazifundishi kitu. *Shehia – sheha* inafundisha.

Tukishapata jedwali la alama, jozi tunazichaguaje?

Kuchukua ile iliyo juu kabisa, kisha inayofuata, kunaonekana sawa na mara nyengine si sawa. *Uzito* na *uzito_jumla* upande mmoja, *uzito_kilo* na *uzito_wote* upande wa pili. Tuseme *uzito_jumla* ina 0.90 na *uzito_kilo* na 0.85 na *uzito_wote*, huku *uzito* ina 0.88 na *uzito_kilo* na 0.30 na *uzito_wote*. Kwa pupa utachukua 0.90 halafu ulazimike kwa 0.30: jumla 1.20. Kwa njia ya Kihungari iliyoandikwa na Kuhn mwaka 1955, inayotazama jumla yote, utapata 0.85 na 0.88: jumla 1.73, na jozi zote mbili ni sahihi.

Lakini njia hiyo inadhani kila safuwima ina mwenzake mmoja. Majina yetu yanavunja dhana hiyo: *jina_kamili* linaoana na *jina*, *jina_la_baba* na *jina_la_babu* kwa pamoja. Kwa hali hiyo acha zaidi ya mshindi mmoja: wote walio ndani ya 0.02 ya alama ya juu, na juu ya kizingiti, wabaki wakitazamwa.

Kwenye ontolojia, ni kosa gani la kuangaliwa zaidi?

Kusema "sawa" pale panapotakiwa "pana zaidi". Katika takwimu za diko, *samaki* hujumuisha pweza, ngisi na kamba, kwa sababu vyote hushushwa, hupimwa na huuzwa pamoja. Katika ontolojia ya baiolojia pweza ni moluska, na moluska na samaki ni madaraja yasiyoingiliana. Ukitangaza kwamba samaki wa diko ni sawa na samaki wa baiolojia, pweza anakuwa ndani ya madaraja mawili yanayokatazana na daraja lake linakuwa tupu kimantiki. Endesha kichanganuzi cha mantiki baada ya kila kundi la jozi, si mwishoni mwa kazi nzima, ndipo utajua jozi ipi imeleta ugomvi.

Majina ya viumbe yanahitaji kiungo cha kati. Mwani unaoitwa sokoni *spinosum* ni *Eucheuma denticulatum*, na *cottonii* ni *Kappaphycus alvarezii*; hakuna kipimo cha herufi kitakachokwambia hivyo. *Tasi* wa Unguja ni *tafi* wa Kenya. *Jodari* mmoja wa karani ni misimbo kadhaa ya spishi ya FAO, ikiwemo YFT na BET. Oanisha kila upande na jina la kisayansi kwanza, kisha pande mbili zikutane hapo.

Rejista zikiwa kubwa, kompyuta itamudu?

Safuwima 400 kwa 600 ni jozi 240,000, kazi ndogo. Ontolojia ndiyo huelemea. Jaribio maarufu la anatomia katika OAEI, mashindano ya mifumo ya kuoanisha ontolojia, ya panya na ya binadamu, lina madaraja 2,744 kwa 3,304, yaani jozi zaidi ya milioni 9 kwa kila mbinu. Punguza kwanza: linganisha tu zinazoshiriki angalau neno moja au kipande kimoja cha herufi tatu, kisha ongeza zilizo chini ya mzazi ambaye tayari ameoanishwa. Mbinu nzito ziache kwa zilizobaki.

Tutajuaje kama matokeo ni mazuri?

Mtu anayeijua kazi aoanishe sehemu kwa mkono kabla hajaona majibu ya mashine. Tuseme amepata jozi 40. Mashine imetoa 36, na 30 kati yake ni sahihi. Usahihi ni 30/36 = 0.83, ukamilifu ni 30/40 = 0.75, na kipimo F, kinachochanganya viwili hivyo, ni 0.79. Kiko kipimo chengine tunachokipenda zaidi kwa kazi za ofisini: (sahihi − makosa) / zinazotakiwa, yaani (30 − 6)/40 = 0.60. Hiki kinakadiria kazi iliyookolewa, maana kufuta jozi mbovu nako ni kazi. Usahihi ukishuka chini ya nusu, kinakuwa hasi: ingekuwa nafuu kufanya kwa mkono.

Modeli kubwa za lugha hazijamaliza tatizo hili?

Zimeongeza mbinu moja nzuri, hasa ya kuvuka kati ya Kiswahili na Kiingereza. Kwa msamiati wa madiko, wa Kipemba au wa Kimakunduchi, zinaweza kujibu kwa uhakika na kukosea. Zipe jozi za katikati tu, zile za 0.4 hadi 0.7, pamoja na maelezo ya safuwima na thamani tano za mfano, na jibu lake lihesabiwe kama alama moja kati ya nyingi. Usipeleke nje majina ya watu wala namba za vitambulisho vya ukaazi. Weka thamani za kubuni zenye umbo hilo hilo.

Programu zipi zinafaa kuanzia?

Kwa skima ndani ya PostgreSQL, viongezo `pg_trgm` na `fuzzystrmatch` vinatosha kwa majina. `pg_trgm` huongeza nafasi tupu pembeni mwa neno kabla ya kulikata, kwa hiyo usishangae alama zake zikipishana na ulizohesabu kwa mkono. Kwa Python kuna Valentine, yenye mbinu kadhaa tayari, COMA ikiwemo. Kwa ontolojia kuna LogMap na AgreementMakerLight, na Protégé ya kutazamia na kukagua. Faili yako ya vifupisho na visawe utaiingiza mwenyewe kokote utakapokwenda.

Jozi zilizokubaliwa zihifadhiwe vipi?

Katika jedwali lake: safuwima ya upande wa kwanza, ya upande wa pili, uhusiano, alama ya kila mbinu peke yake (si jumla tu), toleo la skima zote mbili, aliyethibitisha na tarehe. Jozi zilizokataliwa nazo zihifadhiwe hapo hapo pamoja na sababu. Skima ikibadilika mwezi ujao, mashine itaipendekeza tena *shehia – sheha*, na hakuna haja ya mtu kuikataa mara ya pili.